Programu za ofisi za simu zinaponunuliwa na kampuni kubwa: dhana na ukweli

Dhana: Kampuni kubwa hununua programu ndogo ili kuiua.

Dhana hii haikuzuka hivi hivi, kwani orodha ya programu zilizozikwa ni ndefu, lakini inakosea kuhusu kitu chenyewe kinachonunuliwa. Tuchukue Quickoffice, programu ya kusoma na kuhariri nyaraka za ofisi katika simu, ambayo watumiaji wengi waliikuta ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za Nokia za mfumo wa Symbian, kama vile E71. Google iliinunua mwezi Juni 2012, wakati ambapo huduma yake ya Docs bado ilitegemea kuyageuza mafaili ya Word, Excel na PowerPoint kuwa ya muundo wake yenyewe kabla ya kuyahariri. Watengenezaji wa Quickoffice walikuwa wameishi na miundo hiyo ya Microsoft kwa miaka mingi, na ujuzi huo ndio uliolipiwa. Mwezi Juni 2014 Google ilitangaza kwamba Quickoffice ingeondolewa, na wakati huohuo uwezo wa kuhariri mafaili ya Office ukaingizwa katika Docs, Sheets na Slides. Jina lilifutika, kazi ikaendelea chini ya majina mengine.

Kwa maoni yangu, swali la kuuliza ni kama mnunuzi tayari anayo programu yake ya kazi ileile. Microsoft ilipoinunua Acompli, programu ya barua pepe, mwezi Desemba 2014, haikuwa na programu yake ya kazi hiyo ya kujivunia katika simu za iPhone na Android; kwa hiyo Acompli ilibadilishwa jina tu, na kufikia mwisho wa Januari 2015 ilikuwa tayari inaitwa Outlook. Sunrise, kalenda iliyonunuliwa na Microsoft hiyohiyo mwezi Februari 2015, haikuwa na bahati kama hiyo, kwa kuwa Outlook ilikuwa na kalenda yake ndani. Mbinu zake zilihamishiwa humo, nayo ikafungwa mwezi Septemba 2016.

Dhana: Programu ikishanunuliwa, hufungwa papo hapo.

Wakati mwingine ndivyo inavyokuwa: Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, iliinunua CloudOn, huduma ya kuhariri nyaraka katika simu, mwezi Januari 2015, na kufikia katikati ya Machi huduma hiyo ilikuwa imekwisha. Hata hivyo, kifo cha polepole ndicho kinachowasumbua watumiaji zaidi, maana hakina siku ya kuanza kujiandaa. Wunderlist, programu ya orodha za kazi iliyotengenezwa Berlin, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015. Mwaka 2017 Microsoft ikatoa To Do, iliyojengwa upya na timu ileile, na kueleza kwamba Wunderlist ingefungwa pale mrithi wake atakapokuwa amepata mambo muhimu yaliyopendwa na watumiaji. Mwezi Septemba 2019 mwanzilishi wake, Christian Reber, alijitokeza hadharani akiomba kuinunua tena, lakini hakuuziwa, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Muda wote huo, karibu miaka mitano, programu ilifunguka na kufanya kazi, huku mustakabali wake ukiwa umekwisha kuamuliwa.

Dhana: Ikifanywa ya bure, mtumiaji amepata faida.

Amepata, kwa muda. Mwezi Septemba 2013 Google iliifanya Quickoffice kuwa ya bure kwa watu wote, na waliowahi kuingia kwa akaunti zao za Google waliongezewa gigabaiti 10 za hifadhi katika Drive kwa miaka miwili. Tangazo la kuiondoa lilifuata kabla hata miaka hiyo miwili haijaisha. Programu isiyouzwa haina mapato yake yenyewe ya kuitetea katika vikao vya bajeti, na ukarimu ule, tukiutazama leo, ulikuwa pia njia ya kuwazoesha watu Drive.

Dhana: Jina kubwa huleta usalama mkubwa siku hiyohiyo.

Jina hubadilishwa kwa siku moja, mitambo haibadiliki hivyo. Outlook mpya iliendelea kufanya kazi kwa utaratibu wa Acompli, ambapo barua na taarifa za kuingilia katika akaunti zilipitia seva za kati, yaani kompyuta za mtandaoni zilizokaa baina ya simu na akaunti ya mtumiaji. Mwezi Februari 2015 Bunge la Ulaya liliwazuia wabunge na watumishi wake kuitumia kwa sababu hiyo, ingawa sasa ilikuwa na nembo ya Microsoft.

Dhana: Programu ikifungwa, mafaili yote hupotea.

Hili linategemea mahali yalipohifadhiwa. CloudOn ilikuwa dirisha tu la kuhariria, hivyo nyaraka zilibaki salama katika Dropbox au Google Drive ambako mtumiaji alikuwa ameziweka. Faili la Word lililohaririwa kwa Quickoffice hufunguka hadi leo katika programu nyingine yoyote inayosoma muundo huo. Orodha za Wunderlist zilikuwa katika seva zake, na ndiyo maana Microsoft iliweka njia ya kuzihamishia To Do.