Sphaeroma, krasteshia anayetoboa mizizi ya mikoko

Maji yanapokupwa, mtu anayepita kando ya mikoko huweza kuona mizizi ya angani ya mkoko ikiwa na matundu ya mviringo, akadhani ni kazi ya mchwa. Ukipasua ncha ya mzizi kama huo, mara nyingi utamkuta mtobozi mwenyewe ndani: kiumbe mwenye urefu wa takriban sentimita moja, ambaye akiguswa hujikunja akawa kama gololi. Huyo ni Sphaeroma terebrans, naye si mdudu bali ni krasteshia, jamaa wa kaa na kamba.

Jenasi ya Sphaeroma, iliyopewa jina na Mfaransa Louis Bosc mwanzoni mwa karne ya 19, imo katika familia ya Sphaeromatidae, ndani ya oda ya Isopoda. Wanyama wa oda hii hawana gamba moja linalofunika kifua kama la kaa, macho yao hayakai juu ya vikonyo, na watu wazima wana jozi saba za miguu ya kutembelea, kila jozi ikiwa katika pingili yake. Watoto hutoka katika mfuko ulio chini ya kifua cha mama wakiwa na jozi sita tu. Ya saba huota baadaye.

Nyuma ya kifua, pingili za tumbo zimeungana kwa sehemu kubwa, na ya mwisho imeshikana na mkia kuwa bamba moja pana. Kandokando ya bamba hilo kuna viungo viwili viitwavyo uropodi, ambavyo tawi lake la ndani limeganda na la nje hujongea, na ukingo wa tawi hilo la nje una meno kama ya msumeno. Spishi nazo hutenganishwa zaidi kwa mgongo: S. serratum wa pwani za Ulaya ana mgongo laini, S. walkeri ana safu za vinundu, na S. terebrans ana vinundu upande wa nyuma. Chini ya tumbo kuna jozi tano za viungo bapa vya kuogelea na kupumulia, na mikunjo iliyo kwenye jozi mbili za mwisho ndiyo mwanazoolojia wa Denmark H. J. Hansen aliyoitumia mwaka 1905 kuigawa familia hii katika makundi.

Kwa maoni yangu, sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni miguu ya mbele. Jozi tatu za kwanza zina nywele ndefu zenye manyoya, nazo hueleza maisha yote ya mnyama huyu: hukata mti kwa mataya yake ili apate makazi, si chakula. Akiwa ndani ya tundu hupiga viungo vya tumbo, maji yakapita, na nywele zile zikanasa chembe za chakula. Hapo ndipo anapotofautiana na Limnoria, isopoda mwingine mtobozi, ambaye humeng'enya mbao kweli. Ushahidi mwingine ni S. quoianum, aliyetoka Australia na New Zealand akaenea hadi San Francisco, ambaye hutoboa kingo za udongo na hata maboya ya plastiki nyepesi, vitu visivyomshibisha mnyama yeyote.

Kwa mkoko, hata hivyo, tundu ni tundu. Mzizi unaoshuka ukitobolewa ncha kabla haujafika kwenye tope huweza kufa hapo, au kuchipua matawi juu ya jeraha. Utafiti wa Ghuba ya Gazi nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa mashambulizi ni makubwa zaidi kwenye mikoko ya upande wa chini wa ufuo, ambako maji hukaa muda mrefu. Wanaopanda mikoko wangefaa kulizingatia hilo wanapochagua mahali.

Anayekusanya sampuli aihifadhi kwenye spiriti pamoja na kipande cha mzizi, kisha aigeuze chali chini ya lenzi. Akikuta nusu ya nyuma imeng'aa na ya mbele imefifia, asidhani amepata spishi mpya: isopoda hujivua gamba kwa awamu mbili, nyuma kwanza, mbele baadaye.