Kutohisi Kitu Si Kuachwa na Mungu

Kauli ninayoisikia kuliko zote ninapokaa na waumini wanaotafuta ushauri ni hii: "Mchungaji, naomba, lakini sihisi kitu. Nadhani Mungu ameniacha." Huja kwa sura nyingi. Mmoja husema mbingu zimekuwa shaba. Mwingine husema maombi yake yanaishia darini, au kwamba zamani alikuwa akiguswa mpaka machozi na sasa amekuwa mkavu. Wote wamebeba imani moja chini ya maneno hayo, kwamba uwepo wa Mungu ni kitu cha kuhisiwa, na usipohisiwa haupo.

Imani hiyo si kweli, na imewaumiza watu wengi kuliko mafundisho mengi ya uongo tunayoyapigia kelele mimbarani. Nitaanza nayo, kisha nizipitie kauli nyingine chache kuhusu sala ninazozisikia.

"Nisipohisi, hayupo"

Tuanze na Yakobo. Katika Mwanzo 28 anamkimbia ndugu yake, amelala nje, jiwe chini ya kichwa. Anaota ngazi, anaamka, anasema: "Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Tazama mpangilio wa sentensi hiyo. Bwana alikuwepo kabla Yakobo hajajua. Alipokuwa anatafuta jiwe la kulalia, akiwa na hofu na hatia ya ulaghai wake, hakuhisi chochote kitakatifu, na Mungu alikuwa pale pale. Zaburi 139 inasema jambo hilohilo kwa upana zaidi: hata mtu akifanya kitanda chake kuzimu, "Wewe uko." Haisemi "nitakuhisi." Na ahadi ya mwisho ya Mathayo 28, "mimi nipo pamoja nanyi siku zote," haina sharti la hali ya moyo wa anayeahidiwa.

Anayeleta hoja ya mbingu kuwa shaba huwa namwomba afungue Kumbukumbu la Torati 28 asome sura nzima. Shaba ile ni ukame: mvua iliyozuiwa juu ya nchi ya taifa lililovunja agano. Kuuchomoa mstari huo na kuubandika juu ya mtu aliyechoka, aliyefiwa au asiyelala vizuri ni kumwongezea mzigo ambao Maandiko hayakumpa.

Kisha kuna kitabu cha Zaburi, ambacho wengi wetu tunakisoma kwa kuchagua. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni Zaburi 13, na ni sala. Zaburi 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani, bila ule mgeuko wa furaha tunaousubiri kila mara. Waliokusanya zaburi hizi kwa ajili ya ibada hawakuiondoa wala kuibandikia mwisho mtamu. Waliiacha ili mtu aliye gizani awe na maneno ya kumwambia Mungu. Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa Zaburi 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Atakayefundisha kwamba kuhisi umeachwa ni dalili ya imani mbovu, anieleze kwanza atafanya nini na mstari huo.

Historia ya kanisa nayo inasema vilevile. Yohana wa Msalaba, mtawa wa Hispania, alifungwa Toledo na watawa wa shirika lake mwenyewe kuanzia Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578, katika chumba kidogo chenye mwanga hafifu, na ni huko alikotunga mashairi ambayo Wakristo wanaopita ukavu wanayasoma mpaka leo. Teresa wa Avila, mtawa mwingine wa Hispania aliyefariki mwaka 1582, alikiri kwamba kwa miaka kadhaa alitamani zaidi saa ya sala iishe kuliko kubaki ndani yake. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi katika giza la ndani kwa miongo kadhaa huku akiendelea kusali na kuwahudumia wanaokufa. Nawataja hawa hata kwa waumini wasio Wakatoliki, kwa sababu kila mmoja alikaa. Hakuna aliyechukua ukimya kama ruhusa ya kuondoka.

Kinachonikera hasa ni matokeo ya dhana hii. Mtu akiamini kwamba hisia ndiyo uwepo, anaanza kuzikimbiza hisia. Anahama kanisa kwa sababu sifa za kule zinamgusa zaidi. Anarefusha mfungo mpaka mwili unalegea, kisha anauita ule ulegevu upako. Au, mbaya zaidi, anaanza kuichimba nafsi yake akitafuta dhambi iliyofichika inayomzuia Mungu asishuke.

Nisieleweke vibaya hapa. Dhambi kweli hutenga, na Isaya 59 inasema wazi. Lakini Roho Mtakatifu anapomshitaki mtu, humshitaki kwa jambo lenye jina. Nabii Nathani alipokwenda kwa mfalme Daudi hakumwambia kwamba kuna kitu fulani hakiko sawa. Alimtajia mke wa Uria, ambaye Daudi alikuwa amemchukua. Ukijua ulichofanya, tubu, rudisha ulichochukua, umwombe msamaha uliyemkosea. Ukiwa na hatia isiyo na umbo, isiyoelekeza popote, inayokwambia tu kwamba hufai, iache. Hiyo si sauti ya Roho.

Mara nyingi chanzo cha ukavu ni cha kawaida kabisa. Someni 1 Wafalme 19 polepole. Nabii Eliya anaomba afe. Mungu hamhubirii. Anamwacha alale, malaika anamwamsha ale, analala tena, anaamshwa tena ale. Chakula mara mbili na usingizi mara mbili, ndipo safari ya kwenda Horebu, na huko ndiko ilikomjia "sauti ndogo, ya utulivu." Ukija kwangu unasema huhisi uwepo wa Mungu, nitakuuliza unalala saa ngapi. Nitakuuliza kama umefiwa, kama una maumivu ya mwili, kama vitu vyote ulivyovipenda, si sala peke yake, vimepoteza ladha. Ukiniambia vyote vimepoteza ladha, na hali hiyo imedumu kwa wiki nyingi, nitaomba nawe, kisha nitakutuma kwa daktari siku hiyo hiyo. Sonona, yaani hali hiyo ya kudumu ya kupoteza ladha ya vitu vyote, ni ugonjwa, na kuutibu hakupunguzi imani ya mtu.

Na mara nyingine hakuna chanzo chochote cha kutafuta. Mungu anamkuza mtu. Zaburi 131 inaizungumzia nafsi iliyotulia "kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Mtoto anyonyaye hukimbilia kifua kwa sababu ya maziwa. Aliyeachishwa hukaa palepale bila maziwa, kwa sababu anamtaka mama. Ukiendelea kukaa mbele za Mungu wakati hupati utamu wowote, umefika mahali ambapo kipindi cha machozi na msisimko hakikuwa kimekufikisha.

Basi nini cha kufanya siku kavu? Ushauri wangu ni mmoja na sijaona sababu ya kuubadilisha: usipunguze muda. Kama umejiwekea dakika 15, kaa dakika 15. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alikwenda mbele zaidi. Alifundisha kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu akae kidogo kupita muda aliojipangia, na asibadilishe maamuzi aliyoyafanya alipokuwa katika utulivu. Soma zaburi moja kwa sauti, hata kama moyo haufuati midomo. Sema kwa Mungu ukweli ulivyo: "Sikuhisi, na nipo hapa." Kisha ondoka bila kujipa alama. Hili la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Wanamaliza kuomba na papo hapo wanaanza kupima: leo ilikuwa nzuri, jana ilikuwa bora. Acha. Kama unataka kupima, ngoja miezi kadhaa, kisha waulize wanaoishi nawe kama umekuwa mwepesi zaidi wa kusamehe na mzito zaidi wa kukasirika. Wagalatia 5 inaorodhesha upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengine. Matunda hayo huonekana kwa majirani kabla hayajaonekana kwako.

"Akili yangu inatangatanga, kwa hiyo sala yangu ni bure"

Hapana. Akili ya kila mtu hutangatanga. Watawa walioishi jangwani Misri katika karne ya 4, ambao hawakuwa na kazi nyingine ila kusali na kusuka mikeka, walilalamika juu ya jambo hilohilo. Yohana Cassian, mtawa aliyewatembelea, aliandika dawa waliyoitumia: mstari mmoja tu, "Ee Mungu, uniokoe, ee Bwana, unisaidie hima," uliorudiwa katika njaa, usingizi, hasira na kazi. Unaporudi kwa Mungu mara ishirini katika robo saa, umemchagua mara ishirini.

Na wazo lenyewe lililokuvuta, kabla hujalifukuza, litazame. Kama ni deni, kama ni ugomvi na mwenzako, kama ni ugonjwa wa mtoto, pengine hilo ndilo ulilopaswa kuliombea tangu mwanzo, badala ya maneno mazuri uliyokuwa umeyapanga.

"Kadiri ninavyopaza sauti na kurefusha, ndivyo ninavyomkaribia"

Hana, mama yake Samweli, aliomba Shilo midomo ikicheza bila sauti, na kuhani akadhani amelewa. Alisikiwa. Manabii wa Baali walilia tangu asubuhi hadi adhuhuri na zaidi, wakajikatakata. Hapakuwa na wa kuwajibu. Ukitaka kupaza sauti, paza. Kipofu Bartimayo alipaza, na Yesu alisimama. Yesu mwenyewe alikesha usiku kucha katika sala. Ila usifikiri kwamba wingi wa maneno ni bei unayolipa. Mathayo 6:7 imelikataza wazo hilo waziwazi. Agostino, askofu wa Hippo, akimwandikia mjane aitwaye Proba, alimweleza kwamba wale watawa wa Misri walikuwa na sala za mara kwa mara lakini fupi sana, kama mishale inayorushwa, ili uangalifu usichoke.

"Sala zilizoandikwa hazina Roho"

Wanafunzi walisema, "Bwana, tufundishe sisi kusali," wakapewa maneno ya kusema. Yesu akifa alitumia maneno ya Zaburi 31: "Mikononi mwako naiweka roho yangu." Sina zaidi ya kuongeza.

"Siwezi kumpata Mungu katikati ya kazi zangu"

Hapa kuna pande mbili, na zote zimekosea.

Upande wa kwanza unaamini kwamba lazima kuwe na mlima, chumba maalum, au ukimya kamili. Nehemia alikuwa kazini, mnyweshaji akimhudumia mfalme Artashasta, alipoulizwa, "Una haja gani?" Anaandika: "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," na papo hapo anamjibu mfalme. Sala ile iliingia kati ya swali na jibu. Hatuambiwi alisema nini, na hakuna aliyekuwepo aliyetambua. Ndugu Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris aliyefariki mwaka 1691, alifanya kazi ya jikoni kwa miaka mingi na akajizoeza kuzungumza na Mungu katikati ya kelele za vyombo.

Lakini upande wa pili humtaja Ndugu Lawrence huyo huyo na kusema, "Kazi yangu ndiyo sala yangu, sihitaji muda maalum." Wanaonukuu hivyo wanasahau kwamba aliishi katika monasteri yenye saa za sala, na kwamba alieleza wazi jinsi mazoea yake yalivyomgharimu miaka ya mwanzo. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, akiwa na madaraka makubwa serikalini. Mtu asiye na dakika kumi zilizotengwa, akiniambia anaomba siku nzima, huwa namwuliza mara ya mwisho alimkumbuka Mungu saa ngapi jana. Wengi hunyamaza. Weka kwanza muda mmoja usiohamishika, hata mfupi, na zile sala za katikati ya kazi zitaanza kuchipua zenyewe kutoka hapo.

"Nitarudi kuomba nikishajitengeneza"

Hii huja kutoka kwa walioacha kuomba kwa muda mrefu na wanaona aibu. Wanataka kwanza waache pombe, wamalize ugomvi wa ndoa, warudi kanisani Jumapili kadhaa mfululizo, ndipo wapige magoti. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, hakuthubutu hata kuinua macho, akasema: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Hakuwa ametengeneza chochote bado. Alishuka kwenda nyumbani amehesabiwa haki.

Kama umekaa miezi au miaka bila kuomba, hakuna siku za kufidia. Usianze na saa nzima wala mkesha. Fungua Zaburi 51 leo jioni, uisome kwa sauti mpaka mwisho, na kesho saa hiyohiyo uifungue tena.