Chili ya kwenye hotidogi ni mchuzi wa nyama

Maana ya jina chili cheese dog ni fupi, kwa hiyo tuimalize kwanza. Hiyo ni hotidogi ya chili na jibini: soseji ndani ya mkate mrefu laini uliopasuliwa, iliyomwagiwa mchuzi mzito wa nyama ya kusaga unaoitwa chili, halafu ikafunikwa na jibini ya kukuna. Haradali na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa huwa vimo pia, ingawa jina halivitaji. Na kwa wale wanaouliza kila mara: hakuna mbwa. Ni utani wa Wamarekani wa miaka ya 1890, waliokuwa wakiwashuku wachuuzi wa soseji za Kijerumani kwa kilichosagwa humo ndani. Utani ukageuka jina.

Kinachosumbua ni hiyo chili. Ukiagiza siku hizi, au ukifuata video ya mapishi, unapata soseji, slaisi ya chizi na mistari miwili ya pilipili ya chupa iliyochorwa kwa mbwembwe. Uliza chili iko wapi, utaonyeshwa ile mistari. Wengine huongeza pilipili mbuzi, wakiamini kwamba kadiri mlaji anavyotokwa jasho ndivyo hotidogi inavyokuwa ya Kimarekani zaidi. Kosa linatoka wapi linajulikana: chupa dukani imeandikwa chili, pakiti ya unga imeandikwa chili, sasa mtu afikirie nini? Lakini chili inayotajwa kwenye jina hili haikutoka kwenye chupa. Imepikwa sufuriani, tena kwa muda mrefu, na nyama ndiyo mwili wake. Bila mchuzi wa nyama hiyo si hotidogi ya chili, hata iwashe mpaka masikio yazibe.

Mkanganyiko huu una mji wake, na mji wenyewe ni San Antonio, Texas. Neno chili ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, watu wa kale wa Meksiko, na kwao lilikuwa jina la tunda, pilipili hii hii ambayo baadaye Wareno waliisambaza hadi Afrika na Bara Hindi. Watu wa Texas waliosema Kihispania walikuwa na kitoweo chao, chili con carne, yaani pilipili kwa nyama. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wenye asili ya Meksiko walikuwa wakikiuza usiku kwenye viwanja vya San Antonio: meza ndefu, taa za mafuta, masufuria moto. Watu waliwaita malkia wa chili. Mwaka 1893 kibanda cha chili ya San Antonio kilisimama kwenye maonyesho makubwa ya dunia kule Chicago, watu wa kaskazini nao wakaonja. Jina likazidi kufupishwa. Nyama ikaondoka kwenye jina, ikabaki sufuriani.

Tangu hapo, Mmarekani akisema anapika chili usimtafutie bustani ya pilipili. Anapika kitoweo. Malkia wenyewe waliondolewa viwanjani na kanuni za afya za jiji miaka ya 1930, lakini mwaka 1977 bunge la Texas lilitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo. Pilipili ilisubiri hadi 1995, jalapeño ilipopewa cheo chake yenyewe. Hata serikali ya Texas, basi, inajua kwamba hivi ni vitu viwili.

Kuna mtego mwingine ndani ya neno hilo hilo, na huu unaunguza watu kwelikweli. Katika miaka hiyo ya 1890, mhamiaji wa Kijerumani aitwaye William Gebhardt alikuwa na mkahawa New Braunfels, si mbali na San Antonio. Pilipili nzuri zilipatikana kwa msimu, yeye alitaka kupika chili mwaka mzima, akaanza kusaga pilipili kavu pamoja na viungo vingine na kuuza unga wake. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio ambao mapishi ya Kimarekani huuita unga wa chili: pilipili kavu zisizo kali sana, bizari nyembamba, oregano, kitunguu saumu. Mapishi yakidai vijiko 2 vikubwa, yanadai vijiko 2 vya mchanganyiko huo. Pakiti ya dukani kwetu yenye maneno yale yale ina pilipili tupu iliyosagwa, tena kali. Weka vijiko 2 vikubwa vya hiyo kwenye nusu kilo ya nyama uone kama kuna mtoto atakayekaribia meza. Halafu watu wanasema Wamarekani wanapenda pilipili! Hawakuila hiyo uliyopika wewe.

Badala yake changanya mwenyewe: paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyowasha) kijiko 1 kikubwa, bizari nyembamba ya unga (ile wengine wanaiita jira au uzile) vijiko 2 vya chai, oregano kijiko 1 cha chai, kitunguu saumu cha unga kijiko 1 cha chai, na pilipili ya pakiti robo kijiko cha chai, basi. Paprika ndiyo inayoleta rangi. Anayetaka moto zaidi ataongeza akishaonja.

Tukishakubaliana kwamba chili ni nyama, bado si kila chili inakaa kwenye mkate. Ya Texas hupikwa kwa vipande vya nyama, na wenyewe hawataki kusikia habari za maharage. Mashindano makubwa ya chili huko yanayapiga marufuku kwa maandishi. Kwingineko Marekani maharage ni kawaida, chili inaliwa kwa kijiko kwenye bakuli, na hakuna ubaya. Ila bakuli na mkate ni vitu viwili. Kipande cha nyama haking'ang'anii soseji, na maharage yanaporomoka mpaka kwenye suruali. Chili ya hotidogi lazima iwe laini, nyama isagike hadi usiweze kuihesabu punje, na iwe nzito kiasi cha kukaa pale ilipomwagwa.

Walioipika hivyo hawakuwa watu wa Texas. Walikuwa wahamiaji wa Kigiriki na Kimakedonia waliofika kwenye miji ya viwanda ya kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20. Detroit, mwaka 1917, Mgiriki Gust Keros alifungua mkahawa akauita American Coney Island. Ndugu yake akafungua wake, Lafayette, mlango wa pili. Ubishi wa upi mtamu zaidi umewashinda hata watu wa Detroit. Jina Coney Island walilichukua kwenye ufukwe wa New York ulioipa hotidogi umaarufu, lakini mchuzi ni wa kwao: nyama laini, viungo, haradali ya njano, kitunguu kibichi. Flint, mji wa jirani katika jimbo hilo hilo la Michigan, wanaipika kavu zaidi na kutumia moyo wa ng'ombe uliosagwa. Mtu wa Flint akipewa ya Detroit anasema imemwagiwa maji.

Jibini sasa. Ukitaka kuona jibini ikipewa nafasi yake, nenda Cincinnati, Ohio. Mwaka 1922 ndugu wawili wa Kimakedonia, Tom na John Kiradjieff, walianzisha Empress Chili, wakitia kwenye nyama viungo walivyovizoea kwao: mdalasini, karafuu na vinginevyo vya jamii hiyo. Kwa mtu aliyekulia karibu na sufuria ya pilau, harufu hiyo si ngeni hata kidogo; ni kwa Mtexas ndipo inapoonekana kituko. Hotidogi ya Cincinnati ni ndogo: soseji, haradali, chili, kitunguu, kisha mlima wa jibini ya chedda iliyokunwa nyembamba sana hadi soseji haionekani. Na chili yao haiwashi. Narudia kwa faida ya wenye chupa: mji ambao pengine unaijali chili kuliko mwingine wowote kaskazini mwa Marekani unapika chili isiyowasha.

Namna ya kuipika nyumbani nayo inatoka huko huko, na ni kinyume cha tunavyofundishwa. Nyama ya kusaga haikaangwi. Weka nusu kilo kwenye sufuria ikiwa mbichi, mimina vikombe 2 vya maji baridi, ingiza mkono na kuifikicha kwa vidole mpaka maji yawe ya waridi na kusiwe na donge hata moja. Inatisha kidogo kuitazama. Hapo ndipo unapobandika motoni. Ukianza na mafuta ya moto, nyama itashikana madonge magumu ambayo hakuna mwiko utakaoyavunja tena. Ukianza na maji baridi, kila punje inaiva peke yake. Ikichemka itatoa povu la kijivu, liengue. Tia kitunguu kimoja kilichokunwa, nyanya ya kopo nzito vijiko 2 vikubwa, ule mchanganyiko wa viungo, chumvi, siki kijiko 1 kikubwa, na ukipenda ya Cincinnati, nusu kijiko cha chai cha mdalasini. Acha moto mdogo, bila kifuniko, saa moja na nusu hivi, ukikoroga kila unapokumbuka. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia uliyoichora ikijifunga mara moja, bado ni supu, ikijifunga polepole, imeiva. Mafuta yanayoelea juu yaondoe, ila bakiza kidogo, ndiyo yanayobeba ladha.

Soseji iwe ya ng'ombe, laini, zile zinazouzwa kama viena zinafaa. Ipashe kwenye maji yasiyochemka kwa nguvu ili ngozi isipasuke. Mkate upitishe kwenye mvuke nusu dakika tu. Mkate mkavu unavunjika mgongoni ukishabeba mchuzi, na hapo utakula kwa uma upende usipende.

Jibini ikune mwenyewe. Ile inayouzwa ikiwa imeshakunwa hupakwa wanga ili isigandane kwenye pakiti, na wanga huo huo huifanya igome kuyeyuka vizuri. Chedda ya kawaida inatosha. Mozarela itakupa nyuzi ndefu za kupigia picha, lakini haina chumvi wala ukali wa kupambana na mchuzi wenye viungo. Wala usiirudishe kwenye ovena. Mimina chili ikiwa moto, nyunyiza kitunguu, weka jibini juu, subiri kidogo. Ile ya chini itayeyuka yenyewe, ya juu itabaki nyuzi nyuzi. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa kwa wanaopenda soseji yao na pilipili ya chupa na slaisi ya chizi: endeleeni, ni tamu, hakuna anayewanyang'anya. Mwenye mkokoteni wa smokie pasua Nairobi anapasua soseji, anajaza kachumbari, anatia sosi na pilipili, na hajawahi kuhitaji kuiita kwa jina la Detroit. Yenu nayo ina jina lililo wazi kabisa, hotidogi ya pilipili na chizi, na mteja atakayeliona kwenye menyu atajua anacholetewa. Ikiwa jina la chili cheese dog limeshachapishwa kwenye bango na kulibadilisha ni gharama, basi badilisheni sufuria. Nusu kilo ya nyama ya kusaga ikibandikwa asubuhi inatosha hotidogi 10 hivi mchana, na iliyobaki ikilala kwenye friji huwa tamu zaidi kesho yake. Chupa iacheni mezani. Atakayetaka kuwashwa atajimiminia mwenyewe.