Ishara za seli: maana yake, na jinsi zinavyosomwa kwenye protini

Ishara za seli ni mfululizo wa mabadiliko ya protini unaoanza pale homoni, kirusi au seli jirani inapogusa uso wa seli, na kuishia kwa seli kufanya jambo fulani: kugawanyika, kuingiza sukari, kutulia, au hata kujiua.

Chukua insulini, ambayo mgonjwa wa kisukari anaijua vizuri kuliko wengi wetu. Inaposhika kipokezi chake kwenye seli ya msuli, kipokezi hicho hujibandika chembe za fosfeti, kisha huamsha protini inayofuata, nayo nyingine, mpaka zamu ifike kwa protini iitwayo AKT. AKT hubandikwa fosfeti mahali pawili, kwenye asidi amino (vipande vidogo vinavyoungana kuunda protini) ya 308 na ya 473, na hapo ndipo inapoanza kazi: vipitishio vya sukari husogezwa hadi kwenye utando wa nje na sukari ikaingia. Vimeng'enya vinavyobandika fosfeti huitwa kinasi, na vinavyoibandua huitwa fosfatasi. Edmond Fischer na Edwin Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kugundua kwamba protini huwashwa na kuzimwa kwa njia hii.

Sasa angalia jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Dakika 5 baada ya insulini kufika, kiasi cha AKT ndani ya seli ni kilekile cha mwanzo. Kilichoongezeka ni idadi ya zile zenye fosfeti. Ukipima wingi wa AKT peke yake utasema hakuna kilichotokea, ilhali seli nzima imeshaamka.

Uganda ina sababu yake ya kulijali somo hili. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa hadi London, na ndani ya seli zake Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi kipya, wakatangaza habari zake mwaka 1964. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Kina protini yake, LMP1, inayoiga kipokezi kilichowashwa muda wote, kwa hiyo seli hupokea amri ambayo hakuna aliyeituma. Saratani yenyewe ya Burkitt, yaani ule uvimbe wa taya, hutoka kwenye seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, na utafiti umeonyesha kwamba njia inayopitia AKT ni mojawapo ya zinazozifanya seli hizo ziendelee kuishi. Anayetaka kujua kama dawa fulani inaizima njia hiyo hana budi kuitazama fosfeti.

Kipimo cha kawaida cha kazi hii ni westani bloti, kilichoelezwa na Harry Towbin na wenzake mwaka 1979. Seli huvunjwa kwa sabuni maalumu, protini zake huchemshwa kidogo ili zinyooke, kisha humwagwa kwenye visima vya jeli na kusukumwa kwa umeme. Ndogo hukimbia, kubwa huchelewa. Zikishajipanga kwa ukubwa huhamishiwa kwenye karatasi nyembamba ya nailoni au selulosi iliyotibiwa, halafu huwekewa kingamwili inayoitambua protini moja tu. Kingamwili ya pili, yenye kimeng'enya cha kutoa mwanga, huishika ile ya kwanza, na kwenye picha unaona mstari mweusi. AKT hutokea karibu na kilodaltoni 60 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini). ERK, protini nyingine maarufu ya ishara, hutoa mistari miwili iliyokaribiana, wa 42 na wa 44. Ukiuona mmoja tu, anza kuuliza maswali.

Kwa ishara, bloti moja haitoshi. Unahitaji kingamwili inayotambua AKT yenye fosfeti pale 473, na nyingine inayotambua AKT yote, yenye fosfeti na isiyo nayo. Unasoma uwiano wa mistari hiyo miwili. Binafsi, picha ya mstari wa fosfeti iliyowekwa peke yake, bila mwenzake, huwa siihesabu kuwa ni matokeo.

Ugumu mkubwa hauko kwenye mashine. Uko kwenye sampuli. Kipande cha uvimbe kikishatolewa, damu imekatika lakini fosfatasi hazijui. Zinaendelea kubandua, na ndani ya dakika chache ishara uliyoitaka inaweza kuwa imefutika. Kipande kilichosubiri juu ya meza ya chumba cha upasuaji huku mtu wa maabara akitafutwa kwa simu kitakuonyesha hali ya kusubiri huko, wala hakitakuonyesha hali ya uvimbe mwilini. Ndiyo maana watu huenda na barafu au naitrojeni kimiminika mpaka mlangoni, na bafa, yaani kimiminika cha kuvunjia seli, huwekwa vizuizi vya fosfatasi, kama vanadeti na floridi ya sodiamu, kabla seli hazijaguswa.

Kuna na mtego wa maziwa. Karatasi ile hufunikwa kwanza kwa protini yoyote ili kingamwili isishike ovyo, na maziwa ya unga ni rahisi na yapo kila duka. Lakini maziwa yana protini iitwayo kasini, na kasini imejaa fosfeti. Kingamwili nyingine zinazotafuta fosfeti huishia kushika karatasi nzima, picha ikatoka nyeusi kama masizi. Maabara nyingi hutumia albumini ya ng'ombe, protini ya damu yake, badala yake, ingawa ni ghali.

Hata bloti safi kabisa hutoa wastani wa seli zote zilizovunjwa pamoja. Mstari hafifu unaweza kuwa wa seli zote zikiitikia kidogo, au wa sehemu ndogo tu inayoitikia kwa nguvu. Kutenganisha hali hizo mbili kunahitaji saitometa, inayosoma fosfeti ya seli moja baada ya nyingine.