Kwa nini vijana wa Asia wanakimbia mashamba?

Februari 2023, kundi la wanaume wa wilaya ya Mandya, jimbo la Karnataka kusini mwa India, walifunga safari ya miguu ya takriban kilomita 100 kwenda kwenye hekalu la Male Mahadeshwara, huko milimani. Walikwenda kuomba wake. Sharti la kujiunga na msafara lilikuwa uwe umetimiza miaka 30 na hujaoa. Wengi wao walikuwa wakulima, na usidhani Mandya ni jangwa: ni nchi ya miwa na mpunga, yenye mifereji ya maji ya mto Kaveri. Shida ni kwamba wakipeleka posa huulizwa kazi yao, na wakishajibu "kilimo", habari inaishia hapo.

Wazee wengi, wa kule na hata wa kwetu, wana jibu la haraka: vijana wa siku hizi wavivu. Sikubaliani nao. Kijana wa Nepal anayebeba zege Doha, nchini Qatar, kwenye jua la Julai, pamoja na Wakenya na Waganda, hajakimbia kazi ngumu. Alichokimbia ni kazi ngumu isiyolipa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mwaka 1970–71, shamba la wastani India lilikuwa hekta 2.28. Kufikia 2015–16 lilibaki hekta 1.08. Wengi hawakunyang'anywa; baba alifariki, watoto wakagawana, nao wakazaa. Kwenye kipande cha namna hiyo familia inapata chakula, lakini ada, hospitali na harusi zinatoka wapi? Na baba akiwa bado hai, kijana wa miaka 28 hana hata hicho kipande. Analima shamba la mzee, kwa amri ya mzee, na mauzo yanaingia mfukoni mwa mzee.

Halafu kuna suala la pesa inaingia lini. Mpunga unachukua kama miezi minne shambani. Muda wote huo mkulima anatoa tu: mbegu, mbolea, dizeli ya pampu, vibarua wa kupandikiza. Siku ya kuvuna inapofika, kijiji kizima kinavuna wiki ileile. Nchini Ufilipino utaona mpunga umeanikwa kwenye lami ya barabara kuu, njia moja imezibwa kwa mawe, mabasi yanapita upande wa pili na mwenye mali anaugeuza kwa reki. Hana mahali pengine pa kuuanika. Mvua ikitanda, inabidi auze mbichi, na mnunuzi anajua hilo; bei anaipanga yeye. Mwaka 2019 serikali iliondoa ukomo wa kuagiza mchele kutoka nje, ikabakiza ushuru. Mpunga uliokuwa ukinunuliwa shambani kwa zaidi ya peso 20 kwa kilo mwaka 2018 ukashuka hadi karibu peso 16 mwishoni mwa 2019. Mlaji wa Manila alitakiwa apate nafuu. Mtoto wa mkulima alipata somo lake pia.

Ndiyo maana wanaowasukuma vijana nje ya shamba mara nyingi ni wazazi wenyewe. Katika uchunguzi wa serikali ya India wa mwaka 2003, wakulima 40 kati ya kila 100 walisema wangepata njia nyingine wangeacha kilimo. Hao ni wakulima wenyewe wanasema, wenye mashamba yao. Huko Punjab, ghala la ngano la India, miji midogo imejaa matangazo ya vituo vinavyoandaa watu kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na familia huuza au kuweka rehani eka zao ili mtoto aende Kanada. Shamba limegeuka nauli.

Wakishaondoka, madhara yanaonekana kwa macho. Matuta ya mpunga ya Ifugao, kaskazini mwa Ufilipino, yamechongwa milimani ngazi juu ya ngazi, na kila ukuta unadai kukarabatiwa kwa nguvu za wengi. Vijana walipopungua, kuta zikaporomoka, na kuanzia 2001 hadi 2012 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Japani, nchi tajiri yenye mashine za kila aina, wastani wa umri wa wanaotegemea hasa kilimo ulikuwa karibu miaka 68 mwaka 2020. Kwa hiyo trekta peke yake halijamrudisha kijana.

Ukitaka kujua kijiji kinawapa nini vijana hawa, tazama mwaka 2020. India ilipofungwa kwa ajili ya korona, mamilioni ya vibarua walirudi makwao, wengine kwa miguu. Kijiji kiliwapokea, kikawalisha. Lakini kipato? Katika mwaka wa fedha wa 2020–21, zaidi ya watu milioni 110 walifanya kazi za mradi wa serikali uliokuwa ukiahidi kila kaya ya kijijini siku 100 za kibarua kwa mwaka, kama kuchimba mifereji na kutengeneza barabara. Miji ilipofunguliwa, wengi waliondoka tena.

Hata hivyo, si kila kijana amelipa shamba kisogo. Msimu wa ngano, vijana wa Punjab wanaendesha mashine za kuvunia kutoka jimbo hadi jimbo, wakifuata mashamba yanavyoiva. Kwenye delta ya Mekong, Vietnam, wapo wanaorusha droni za kunyunyizia dawa kwenye mpunga wa majirani. Hawa wako shambani kuanzia asubuhi, vumbi na matope ni yaleyale, lakini malipo yao yanahesabiwa kwa eneo walilovuna au kunyunyizia. Mvua ikiharibu mazao wiki inayofuata, hasara ni ya mwenye shamba.