Kamera mbili, kihisi kimoja: ile dola 1,000 ya ziada inanunua nini?

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi hii ya kupiga picha za harusi ni la bei. Juzi limekuja tena, safari hii kutoka kwa binti wa Morogoro anayeanza kazi: "Kaka, shikamoo. Nina hela ya bodi moja kali bila lenzi ya maana, au bodi ya kawaida na vifaa vyake. Hizi za bei kubwa zina tofauti kweli, au tunalipia jina?"

Nilimjibu kwa simu, tukaongea karibu saa nzima. Naandika hapa ili na wengine wapate.

Tuchukue kamera mbili ambazo wengi wetu tunazifahamu. Canon R6 Mark II ilitangazwa mwishoni mwa 2022, bei yake Marekani ikiwa dola 2,499 kwa bodi tupu, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Miezi michache baadaye, Februari 2023, ikaja R8 kwa dola 1,499. Ndani yake zote mbili zina kihisi kilekile cha megapikseli 24.2, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali ilipokuwa ikikaa filamu. Zinafuata jicho la mtu kwa mfumo uleule. Piga picha moja kwa kila kamera, lenzi ileile, mwanga uleule, kisha mpe mteja achague. Hatajua ipi ni ipi, na mimi pia sitajua.

Basi dola 1,000 imekwenda wapi? Sehemu yake kubwa, kwa macho yangu, imekwenda kwenye kijishimo cha pili cha memori kadi.

Mwaka wangu wa nne kwenye kazi nilikuwa na kamera yenye nafasi ya kadi moja. Harusi ilikuwa ya kanisani, ibada ya saa nane mchana. Nilipiga maandamano ya kuingia, kiapo, pete, kusaini cheti, yote. Tulipofika ufukweni kwa picha za maharusi, kioo kikaandika kwamba kadi haisomeki. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Haisomeki. Kadi ilikuwa halisi, nimenunua dukani na risiti ninayo. Jumatatu nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mwenye programu ya kuokoa mafaili, akatoa picha za maandamano na chache za kwaya. Za kiapo hazikupatikana. Mama wa bibi harusi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ile ya kuvishana pete imo, mwanangu?" Nilirudisha malipo yote, lakini sikuwa na cha kurudisha mahali pa ile picha.

R6 Mark II unaweza kuipanga iandike kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Ikifa moja, nyingine inayo. R8 ina nafasi moja. Tofauti hiyo huioni kwenye picha hata moja, mpaka siku picha zenyewe zisipokuwepo.

Kuna mengine pia ndani ya ile bei. Bodi ya ghali inatuliza kihisi chenyewe mkono unapotikisika, jambo linalosaidia sana ukipiga ukumbi wenye giza bila flashi. R8 inategemea lenzi ifanye kazi hiyo. Betri ya R6 Mark II ni ya 2,130 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), ya R8 ni 1,040, kwa hiyo kwenye send-off inayoanza saa kumi na mbili jioni na kuisha saa sita usiku utaibadilisha mara kadhaa, na mara nyingi ni wakati keki inakatwa. Halafu shata, yaani kile kinachofungulia na kufungia mwanga unapopiga picha. Maboksi yote mawili yanajivunia picha 40 kwa sekunde, lakini hizo ni za shata ya kielektroniki, isiyotumia pazia, na chini ya zile taa za LED za zambarau ambazo kila mpambaji anazipenda siku hizi, shata hiyo inaweza kukuletea mistari mwilini mwa bibi harusi. Shata ya kimakanika ya R6 Mark II inatoa picha 12 kwa sekunde. R8 hushuka hadi 6 pazia la shata linapotumika. Kwa maharusi wanaotembea taratibu kuelekea jukwaani, 6 zinatosha. Kwa mpira wa miguu ningesita.

Sasa kwa anayeanza. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kumaliza hela yote kwenye bodi, kisha anafunga mbele yake lenzi iliyokuja na boksi. R8 huuzwa pia na lenzi ya 24-50mm. Ukiivuta mpaka 50mm, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/6.3 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ile 50mm f/1.8 ya Canon iliingia sokoni kwa dola 199, na ikifunguka yote inaingiza mwanga karibu mara 12 ya huo. Hiyo ndiyo tofauti ya uso wa babu kwenye kona ya ukumbi kuonekana laini, au kujaa chembechembe hadi ndugu waulize kama ni simu ilipiga. Hakuna bodi ya milioni nane itakayokupa mwanga ambao lenzi imeuzuia mlangoni.

Na hapohapo kwenye lenzi ndipo utaona bei inavyopanda kwa kasi na faida kwa kujikokota. Canon wana 50mm nyingine, ya f/1.2, iliyotoka 2018 kwa dola 2,299. Inaingiza mwanga mara mbili na ushee ya ile ya dola 199, ni kali zaidi pembeni, imezibwa dhidi ya vumbi na maji, na ina uzito wa gramu 950 dhidi ya 160. Ni lenzi nzuri sana. Nimeiazima, nimeipenda, nimeirudisha, kwa sababu hela hiyo kwangu ilikuwa na kazi nyingine: flashi mbili, stendi zake, na mwavuli wa kulainisha mwanga. Vitu hivyo vilibadilisha picha zangu kuliko bodi yoyote niliyowahi kununua.

Kuna bei za aina nyingine, na hizi naomba tuzitazame kwa uangalifu. Mwaka 2018 Panasonic walitoa LX100 II kwa dola 999. Mwaka huohuo Leica wakatoa D-Lux 7, kamera ileile kwa ndani, umbo limebadilishwa kidogo, kwa dola 1,195. Mwaka 2012 Hasselblad walionyesha Lunar, iliyojengwa juu ya Sony NEX-7, wakaiwekea bei ya karibu euro 5,000 wakati Sony yenyewe ilikuwa kama dola 1,200. Hapo ulichoongezewa ni mshikio wa mbao na jina. Sisemi hivyo kwa Leica za mfululizo wa M: zile ni kazi ya mikono ya kweli, na anayependa kufokasi mwenyewe kwa kidole anapata kitu ambacho wengine hawauzi. Lakini kwa kazi ya harusi, ambako shangazi anacheza kuelekea kwako akiwa na zawadi kichwani, sitakushauri.

Binti wa Morogoro alipiga hesabu na mimi kwenye simu. Kwa zile bei za kutangazwa, bodi mbili za R8 ni dola 2,998, si mbali na bei ya R6 Mark II moja, na mwenye bodi mbili shingoni ana kadi mbili zinazofanya kazi, japo si kwa picha ileile. Hela yake ilitosha R8 moja, lenzi ya f/1.8, flashi, na kadi nne ndogo. Nilimwambia abadilishe kadi mara tatu: baada ya maandalizi nyumbani, baada ya kiapo, na baada ya pete. Iliyotumika iingie kwenye mfuko wenye zipu ulio mwilini mwake, isiachwe kwenye begi. Harusi yake ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Jana nimempa dereva wa basi bodi yangu ya akiba ampelekee, ikiwa na betri tatu.