Maji yanaashiria uhai? Soma tena

"Maji yanaashiria uhai." Nimesahihisha insha miaka mingi, na sentensi hii hunirudia kila muhula kama mdai. Nyuma yake hufuata ndugu zake: moto ni uharibifu, upepo ni mabadiliko, ardhi ni mama. Sijui nani aliyeanzisha jedwali hilo, ila lingefaa kuchomwa (na huo moto usiniulize unaashiria nini).

Chukua Gouverneurs de la rosée, riwaya ya Jacques Roumain wa Haiti, iliyotoka 1944. Manuel anarudi kutoka Cuba, alikokata miwa miaka 15, anakuta kijiji cha kwao, Fonds-Rouge, kimekauka kau. Wazee wanasema ni mapenzi ya Mungu. Yeye anasema ni shoka: mmefyeka miti ya mlimani wenyewe. Anatafuta chemchemi, anaipata. Hapo mwanafunzi anaandika "uhai" na kufunga daftari, na kumbe kisa ndiyo kwanza kinakolea! Kijiji kimegawanyika kwa ugomvi wa ardhi ya urithi uliokwisha mwaga damu, na mfereji wa kuteremsha maji haumalizwi na upande mmoja. Unataka msaragambo wa wote. Kabla haujachimbwa, Manuel anachomwa kisu. Akiwa mahututi anamsihi mama yake asimtaje aliyemchoma, kwa sababu akitajwa, kisasi kitaamka na maji yatabaki huko huko mlimani. Maji hayo ni jasho, ni mali, ni suluhu kati ya mahasimu. Uhai umo, sikatai, lakini umesimama mwisho wa foleni.

Wanafunzi wangu wamechoka kunisikia: kabla hujaandika "inaashiria", uliza nani anayachota maji hayo, nani anayamiliki, nani ananyimwa.

"Mandhari ni pambo tu." Wapi! Édouard Glissant aliipa riwaya yake ya 1958 jina la mto wa kwao Martinique, kisiwa cha Karibi: La Lézarde. Ndani yake kijana anamfuata mtu anayepaswa kumuua, na wote wawili wanateremka na mto huo hadi baharini. Uondoe mto, uone kama kisa kitabaki.

"Bahari ni uhuru." Labda kwa mtalii. Glissant huyo huyo anaiandika Atlantiki kama shimo walimotupwa watumwa wakiwa na minyororo miguuni. Na Fatou Diome wa Senegal, mwaka 2003, alikipa kitabu chake jina linaloipa bahari hiyo tumbo: Le Ventre de l'Atlantique, yaani "Tumbo la Atlantiki".

"Volkano katika ushairi wa Aimé Césaire ni hasira, basi." Hasira ipo. Ila Césaire alizaliwa 1913 Basse-Pointe, kaskazini mwa Martinique, miguuni mwa mlima Pelée, ambao ni volkano. Tarehe 8 Mei 1902 mlima huo uliufuta mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache na kuua watu wapatao 28,000. Watu wazima waliomlea walikuwa hai siku hiyo.